Sura ya Tano: Pima Iliyolegea

Nina kitendawili, na leo sitangoja mniambie mmekaa tayari, maana nikingoja nitakisahau mwenyewe. Ndugu saba: sita wanafanya kazi, mmoja amekaa kitako. Wale sita walipochoka naye wakamfukuza, na tangu hapo hakuna hata mmoja wao aliyepata usingizi. Ni nini?

Msijibu upesi. Kuna mji ulioshindwa kukijibu. Mnaijua desturi yetu: ukishindwa kitendawili unatoa mji, aliyetega anautwaa, anatembea humo kwa maneno, anakula, anakunywa, anashiba, ndipo akupe jibu. Watoto hutoa miji mikubwa mikubwa bila huruma, kana kwamba wameijenga wao. Basi mji huu nao ulitolewa hivyo, jioni moja ya mvua, na mtu aliyeshindwa. Lakini kabla aliyepewa hajaingia kuuchukua, mama zao wakawaita kula, wakainuka wote wawili, wakasahau. Mji ukabaki umetolewa na haujapokelewa. Hauna jina, kwa sababu jina alikwenda nalo yule aliyeutoa. Ndimo alimoishi Nipael.

Ulikuwa mji wa barabara moja. Nyumba zake zilishikana ukuta kwa ukuta, na katika kila ukuta palikuwa na tundu la kupita ngumi. Humo kamba ilipita. Kamba moja ya mkonge kwa mji mzima: nyumba ya kwanza ilitoa uzi mmoja, nyumba ya pili ikausokotea wake, ya tatu wake, na kila siku kila nyumba ilisokota pima moja, mkono hadi mkono, ikaisukuma kwa jirani. Nyumba ya Nipael ilikuwa ya mwisho. Alipomaliza yeye, kamba ilikuwa nene kama kifundo cha mguu, na wakusanyaji waliikunja wakaipeleka katika Nyumba ya Siku, ile yenye ngazi na madirisha yasiyofunguliwa. Ya kufungia nini? Hakuna aliyejua. Ukiuliza, uliambiwa kamba iko nyuma, harakisha.

Na ni kwa sababu kamba ilikuwa nyuma ndiyo maana siku ya saba iliondolewa. Haikuondolewa kwa kelele. Mpiga mbiu alikuwa akipita alfajiri kutangaza siku, Kwanza, Pili, Tatu, Nne, Tano, Sita, kisha asubuhi moja, pale ambapo angenyamaza, akasema Kwanza. Watu wakatazamana. Mmoja akaanza kusokota, wa pili akaona haya kukaa bure, na kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa akisugua mkonge kwenye paja lake. Siku inaweza kufa hivyo hivyo, bila matanga.

Mama yake Nipael peke yake ndiye aliyeitunza. Alitafuta makopo mawili na maharage saba, sita meupe na moja jekundu. Kila asubuhi baada ya sala, harage moja lilihamishwa kutoka kopo la kushoto kwenda la kulia. Jeupe, jeupe, jeupe. Likibaki jekundu peke yake, hiyo ndiyo Jumapili. Siku hiyo mama na binti hawakushika mkonge. Walijifunika khanga safi, wakaimba kwa sauti ya chini, kesho yake wakasokota pima mbili mapaja yakawaka moto.

Kisha mama akaugua, akakonda, akawa mwepesi kama ganda. Mwisho alimshika binti yake mkono na kumwambia, "Usilie sana. Tutaonana Jumapili." Hakusema ipi.

Ndiyo haya mnayopaswa kuyashika kabla hatujaendelea. Msichana wa miaka ishirini na mbili, peke yake katika nyumba ya mwisho, ameahidiwa kuonana na mama yake katika siku ambayo haipo. Kila harage alilolihamisha lilikuwa hatua moja kwenda stendi kumpokea mgeni.

*

Mtu anayengoja mgeni hutazama vitu kwa jicho jingine. Nipael alipokoka moto aliuambia asante, si kwa wazimu, bali kwa sababu aliona mahali pa kupitisha shukrani ni pale palipo na joto. Chumvi ikipungua alisema, Baba, umeona mwenyewe. Akijikwaa hakulaani jiwe. Mama Foibe, jirani wa upande wa pili wa tundu, mjane mwenye ulimi kama upupu, alikuwa akimsikia akinong'ona akafa kwa kicheko.

"Nipael! Leo unaongea na nani humo? Na sufuria?"

"Naomba tu, mama."

"Mwombe na mimi aniletee mguu mpya, huu umechoka."

"Nimekuombea tangu juzi."

"Ndiyo maana umezidi kuuma! Acha, mwanangu, utanivunja na huu mzima."

Akicheka hivyo, ukuta mzima ulicheka. Lakini hakuna jambo alilolikejeli Mama Foibe kama kuimba kwa Nipael, na hapo, tuseme kweli, alikuwa na haki. Zamani, palipokuwa na kwaya, watu walipangwa sauti nne na kila mmoja akafundishwa yake tu. Nipael aliwekwa sauti ya pili akiwa mdogo, mwalimu akamkaza macho asiteleze kwenda ya kwanza. Sasa sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, inapanda na kushuka, ndiyo watu wanayokwenda nayo nyumbani. Sauti ya pili haiendi popote. Inakaa pale pale, soli soli soli, fa, soli, kama mtu aliyeachwa kuchochea moto wakati wenzake wamekwenda arusini. Kwaya ilipotawanyika, kila mtu aliondoka na kipande chake. Nipael alijua nyimbo arobaini na hakujua wimbo hata mmoja.

"Mbu huyo amepotea njia," Mama Foibe alikuwa akisema kupitia tundu. "Mfungulie mlango aende."

Naye Nipael aliendelea, soli soli soli, akiushikilia upande mmoja wa kitu ambacho upande wake wa pili haukushikwa na mtu.

*

Homa ikaja. Haikubisha hodi. Ilimlaza kwenye mkeka akaona dari ikisokotwa, akaona siku zikipita tunduni moja baada ya nyingine, nyembamba, bila alama, akajaribu kuzihesabu lakini mikono yake ilikuwa mbali, katika chumba kingine. Alikuwa na miaka saba. Alikuwa na miaka tisini. Alikuwa mama yake, amemshika mkono binti fulani aliyekuwa akilia, naye akitaka kumwambia ni Jumapili ipi, lakini neno lilikuwa zito kuliko ulimi.

Alipofumbua macho palikuwa asubuhi, na Mama Foibe alikuwa ameketi karibu yake akisokota.

"Afadhali," alisema Mama Foibe. "Nimekusokotea pima zako na zangu mpaka nimeota sugu kwenye paja. Kunywa uji."

"Mama, nimelala siku ngapi?"

"Tatu. Au tisa. Ulikuwa mgonjwa sana, nani ahesabu?"

Nipael akageuza kichwa kutazama makopo. Yalikuwa yamesuguliwa kwa majivu yakang'aa, yamefunikwa kifudifudi. Ndani hamkuwa na kitu.

"Maharage yangu yako wapi?"

"Yale matano? Sita? Nilikuta chakula kinakaa bure ndani ya makopo na mimi nauguza mtu, nikayatia kwenye chungu changu. Mgonjwa wa homa hali maharage, ungevimba tumbo." Akaingiza vidole kwenye pindo la khanga. "Ila hili jekundu limenikatalia. Nimelipika asubuhi, nimelipika mchana, kuni zimeisha, halijalainika. Nikasema hili si la kwangu. Shika."

Harage likaanguka katika kiganja cha Nipael, gumu, lenye joto la mwili wa mwenzake. Alitaka kupiga kelele. Lakini mwanamke aliyemlia kalenda yake ndiye huyo huyo aliyemnywesha uji kwa kijiko, na mtu hawezi kuufukuza mkono mmoja akaubakiza wa pili. Akasema, "Asante, mama." Kisha akageukia ukutani.

Baba, na wewe umelala?

Nimeshika jekundu na sina jeupe. Nina Jumapili mkononi na sijui niiweke wapi.

Mama akija leo nami nimelala. Akija leo nami nimeshika mkonge. Atasimama mlangoni atasema, nilikuambia. Kisha atakwenda zake.

*

Alipoweza kusimama alikwenda Nyumba ya Siku. Alipanda ngazi akipumzika, akafika kwenye meza ambayo nyuma yake aliketi karani mwenye miwani isiyo na vioo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Shida?"

"Naomba kujua leo ni siku gani."

"Nne. Mpiga mbiu hakupita kwenu?"

"Amepita. Nauliza kuhusu ile ya saba. Leo ni ya ngapi kutoka ile ya saba?"

Karani akaweka kalamu chini. "Binti, zipo sita. Unataka nikufinyangie nyingine?"

"Ilikuwapo."

"Aliiona nani?"

"Kila mtu. Hata wewe, umri wako unaonyesha."

"Umri wangu usiuguse," alisema karani, akajishika kichwa chenye mvi kana kwamba ameshitakiwa. "Sikiliza. Siku ni mali ya Nyumba hii. Tukiitangaza, ipo. Tusipoitangaza, haipo. Ndivyo ilivyo tangu mwanzo."

"Na kabla Nyumba hii haijajengwa?"

"Kabla ya Nyumba hii hakukuwa na kabla."

Nipael alimtazama. Alimwonea huruma, kisha akajionea huruma mwenyewe, maana alijua karani hadanganyi. Alikuwa akisema alichobaki nacho. Akaaga. Karani, akiwa ameshainamia karatasi, akamjibu kwa mazoea ya mdomo, "Haya, nenda, na Mungu a..." Akasita. Akakohoa. Akalitafuna neno lililobaki akalimeza, na Nipael akaliona likishuka kooni kama kidonge.

Njiani kurudi alipishana na mtoto wa kike aliyevaa gauni jeupe la mikunjo. Mtoto alitembea pekupeku, viatu vyake vyeusi amevishika mkononi ili visishike vumbi, kama watu walivyofanya zamani: unakwenda peku hadi karibu, unanawa miguu kwenye mtaro, unavaa viatu mlangoni, unaingia kama mfalme.

"Dada, bado mbali?"

"Unakwenda wapi?"

"Kule tunakoimba."

Nipael alilitambua kovu kwenye goti. Alilipata mwenyewe, kwa kuanguka na viatu hivyo hivyo. Akataka kusema hakuna kule tena, akataka kusema ngoja tuende wote, akajikuta anasema, "Usivae viatu bado." Mtoto akaitikia kwa adabu akaendelea na safari, kuelekea upande ambao barabara haikuwa nao.

*

Siku zilizofuata Nipael alijaribu ujanja. Kama hajui Jumapili ni ipi, na awe nazo zote. Aliamka akajifunika khanga safi, akaacha mkonge, akaimba. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Pima za Mama Foibe zikalundikana chini ya tundu, nyoka juu ya nyoka, naye akaketi katikati akingoja furaha, furaha isije. Siku ya nne aligundua kwa nini. Siku ya kukaa ilikuwa tamu kwa sababu mapaja yaliwaka. Aliyekaa siku zote hapumziki, amekaa tu. Khanga ikachafuka, ikawa nguo kama nguo nyingine.

Akageuka upande wa pili: basi nisiwe na hata moja. Alisokota asubuhi hadi jioni. Hakuuambia moto kitu. Chumvi ikaisha kimya kimya. Mama Foibe mwenyewe akaingiwa na wasiwasi.

"Nipael! Yule mbu wako amekufa?"

Kupitia tundu, mkonge tu ndio uliosikika.

"Nipael, mwanangu. Nitukane basi, nijue upo."

"Nipo, mama."

"Upo wapi na husikiki? Hebu ongea hata na sufuria."

Nipael alisogeza uzi mwingine pajani. Alikuwa akifikiri kwamba mtu anaweza kufungwa bila kuguswa. Unampokonya tu siku moja, zile sita zinafanya kazi iliyobaki. Aliingiza mkono mfukoni, akalisugua lile harage jekundu kama mtu asuguaye jino linalouma. Alifikiria kulitupa. Alifika hadi mlangoni nalo. Halafu akawaza, chungu kimeshindwa, kuni zimeshindwa, mimi nani nishinde? Akalirudisha.

Asubuhi iliyofuata, kamba ya Mama Foibe ilipotoka tunduni, vidole vya Nipael vilisimama.

Ilikuwa imelegea.

Sasa mnijue, mimi nimesokota kamba, na nawaambia kiganja hakisahau. Mama Foibe alikuwa na mkono wa chuma. Pima zake zilibana hata ukucha haukupita. Hii ilikuwa laini. Nyuzi zililala pembeni mwa nyuzi kama watu waliolala alasiri, kila mmoja na upepo wake. Nipael aliivuta taratibu. Pima nzima ilikuwa hivyo, mwanzo hadi mwisho, na kwa mbali, kutoka ndani ya tundu, pakaja mvumo. Mama Foibe alikuwa akivumisha kitu puani, bila maneno. Kilipanda kidogo, kikashuka.

"Mama," aliita, "kamba ya leo imelegea."

Mvumo ukakatika. "Eti imelegea! Ni uzee huo. Kuna siku mikono inanikataa tu. Inataka ikae. Nimeipaka mafuta, wapi."

"Siku zipi?"

"Nijuaje! Inanijia. Naamka najisikia kuoga mapema, naoga, namwogea nani? Nachana nywele. Kisha mikono inakuwa kama ya mtu mwingine. Usiwaambie wakusanyaji."

"Siwaambii."

Nipael akasokota uzi wake juu ya ile pima, naye hakukaza. Kesho yake kamba ilibana. Akaokota kijiwe nje, akakitia katika kopo la kulia. Kesho kutwa ilibana, kijiwe cha pili. Tatu. Nne. Usiku hakuota. Tano. Alijiambia, usitumaini, uzee hauna kalenda. Sita, ilibana kama waya, na Mama Foibe alitukana mkonge, akautukana mguu, akamtukana marehemu mume wake kwa kumwachia nyumba yenye tundu.

*

Asubuhi ya saba mpiga mbiu alipita akisema Tatu. Nipael alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa khanga aliyoifua, ameketi karibu na tundu, mikono mitupu magotini, viatu vyake vyeusi vimefutwa vumbi pembeni yake. Alisikia maji yakimwagwa upande wa pili. Alisikia chanuo likikwaruza. Alisikia kigoda kikivutwa, na pumzi ya mtu mnene akiketi.

Kamba ikaja. Aliigusa kwa kidole kimoja. Ilikuwa laini kama nywele za mtoto.

Na mvumo ukaanza, ule ule, unapanda kidogo, unashuka, unapanda tena zaidi, unakawia juu. Nipael alifumba macho. Alijua unakokwenda. Hakuwahi kuusikia peke yake, lakini alijua kila mahali ungekanyaga, kama mtu ajuavyo ngazi za nyumba yao gizani, kwa sababu maisha yake yote alikuwa amesimama chini yake. Akaingia. Soli soli soli. Fa. Soli.

Upande wa pili mvumo ukasimama.

"Nipael."

"Abee."

"Kamba mbona huivuti?"

"Leo sivuti, mama."

Kigoda kikasogezwa karibu na tundu. Kisha Mama Foibe akasema, kwa sauti ambayo Nipael hakuijua, sauti isiyo na upupu, "Huyo mbu. Hebu mrudishe."

"Anza wewe."

"Nianze nini? Sina wimbo mimi, ni upepo tu wa puani."

"Anza huo huo upepo."

Akaanza. Ulikuwa ukikwaruza na kutetemeka, ukapanda, na Nipael akakaa chini yake bila kupanda, bila kushuka, akichochea. Kwa mara ya kwanza tangu kwaya itawanyike akasikia kipande chake kilikuwa cha nini. Mama yake hakuingia mlangoni. Nasema kweli, sitawadanganya mfurahi: mlango ulikaa kama ulivyo, kiti kilikuwa kitupu, na upweke wake ulikuwa pale pale, umekaa naye, umeoga na wenyewe. Lakini siku alikuwa nayo. Mama akija, na aje. Atakuta watu wako macho.

Katika tundu kamba ilikuwa imelala, nusu kwa mmoja, nusu kwa mwingine, haivutwi na mtu. Na Nipael alipoigusa tena alihisi ulegevu ukirudi nyuma, kupita nyumba ya Mama Foibe, nyumba ya tatu, ya kumi, mikono isiyojijua, ya watu waliochana nywele, imekataa.

Akatoa harage jekundu, akaliweka ndani ya kopo juu ya vile vijiwe sita. Likalia, ti.

"Nini hicho?" akauliza Mama Foibe.

"Harage, mama."

"Lile lililonimalizia kuni? Likiiva uniite."

Haya, kitendawili changu mnacho. Jibu msinipe mimi, mimi nalijua. Mpelekeeni Mama Foibe, anayeoga mapema na hajui kwa nini.